Muziki Upi Unaoita Nyumba Nzima?

Juzi hapa Babati tulikaa akina mama kuchambua mchicha, tukabishana: ni muziki upi wa kufungulia kipindi cha televisheni uliopita yote? Wenye mabinti waliishikilia Isidingo, tamthilia ya Afrika Kusini iliyoanza 1998 na kukoma 2020. Muziki ule ukianza pale ITV, ugali uliungua. Hata wetu.

Sisi wengine tuliutaja wa redioni, maana televisheni ilifika Tanzania Bara 1994 (Zanzibar walitutangulia miaka ishirini hivi). Tunazikumbuka ngoma za taarifa ya habari za Radio Tanzania. Mpigaji alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, kipofu, aliyezipiga nyingi kwa mara moja, peke yake. Zikilia, baba aliketi, watoto wakanyamaza, nasi tukapakua chakula. Jirani asiye na redio alisogea dirishani.

Ndipo mama mmoja akasema kwake siku hizi kila mtu ana simu yake, na chakula kinapoa mezani. Akauliza awaite kwa muziki gani. Tuliendelea kuchambua mchicha.