Daftari la Mabadiliko na Nakala za Akiba

Wavuvi wa dagaa wa Bangwe, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, huvua usiku kwa taa. Usiku wa giza ndio wenye mavuno. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi mingi hupumzika. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane. Faida ya hatua kama hiyo hupimwa kwa kulinganisha mavuno ya kabla na ya baada yake. Takwimu zikipotea hazirudi, maana samaki waliokwisha kuliwa hawapimwi mara ya pili.

Chukuliwe mfano wa kanzidata, yaani mkusanyo wa kumbukumbu zilizopangwa katika kompyuta, ambamo karani huingiza uzito wa samaki wa kila mtumbwi. Kabla kanzidata yenyewe haijabadilishwa, kila badiliko huandikwa kwanza katika daftari la mabadiliko lililomo katika diski. Umeme ukikatika, kompyuta ikiwashwa tena husoma daftari hilo: kazi iliyokamilika hutimizwa, isiyokamilika hutanguliwa. Utafiti katika fani hii ulimpatia Jim Gray wa Marekani Tuzo ya Turing mwaka 1998.

Daftari hukua kwa wingi wa mabadiliko, si kwa ukubwa wa kanzidata. Likiongezeka megabaiti 20 kwa saa, na nakala yake ikichukuliwa mara moja kwa siku, litahitaji nafasi ya megabaiti 480. Nakala ikichukuliwa kila saa, zitahitajika megabaiti 20 tu, kwa kuwa sehemu iliyokwisha kunakiliwa huachwa wazi ili iandikwe upya.

Hapa wengi hukosea. Hudhani kwamba nakala ya kanzidata nzima hupunguza daftari. Katika mifumo mingi iliyopangwa kutunza mabadiliko yote, sivyo: ni nakala ya daftari lenyewe inayofungua nafasi. Diski ikijaa, kanzidata hukataa maingizo mapya, na mtunzaji hushawishika kulifuta daftari. Kufanya hivyo ni kukata mnyororo.

Ikiwa nakala nzima ilichukuliwa Jumapili usiku na diski ikaharibika Jumatano saa 4 asubuhi, hurudishwa kwanza nakala ya Jumapili, kisha nakala za daftari kwa mfuatano wake. Ya Jumanne ikikosekana, za baadaye hazifai kitu. Mnyororo ukikatika, nakala nzima ichukuliwe upya mara moja.

Basi ratiba ianze na swali hili: ni kazi ya saa ngapi inayoweza kupotea bila hasara kubwa? Jibu huweka muda kati ya nakala moja na nyingine, na muda huo huweka ukubwa wa daftari. Iongezwe nafasi ya kutosha iwapo nakala moja au mbili zitashindikana. Nakala zenyewe zitunzwe katika jengo jingine, na zijaribiwe kurudishwa mara kwa mara, kabla ya siku ya haja.