Boriti za Lamu: Mali Isiyotunzwa Huisha

Ingia katika nyumba yoyote ya mawe ya kale mjini Lamu, kisha inua macho uitazame dari. Utaona boriti zimelazwa safu kwa safu, kutoka ukuta hadi ukuta, na nyingi zilianza kuibeba dari hiyo kabla hajazaliwa babu ya mwenye nyumba. Tumezizoea hata tukawa hatuzioni. Hatuulizi zilikatwa wapi, wala hatuulizi zikioza nyingine zitatoka wapi.

Swali hilo la pili si la fundi peke yake. Lamhusu mvuvi, lamhusu mkata mikoko wa Pate na Faza, na lamhusu kila mtu wa Pwani anayejivunia mji huo, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

MAFUNGU MATATU YA MALI

Inapotajwa mali ya asili, wengi wetu hufikiria dhahabu, mafuta ya petroli au ndovu wa mbugani. Lakini nyumba ya Mswahili yenyewe imejengwa kwa mali ya asili tangu msingi hadi paa, na ukiichunguza utaona kuwa mali hiyo ni ya mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mali isiyopungua kwa kutumiwa. Upepo wa kaskazi na wa kusi umewaleta na kuwarudisha mabaharia kwa karne nyingi, wala haujapungua kwa sababu ya matanga yao. Jua nalo ni hivyo hivyo, na maji ya bahari kujaa na kupwa.

Fungu la pili ni mali ambayo ukishaichukua hairudi, au hurudi polepole hata mwanadamu hawezi kungoja. Mawe ya kuta zetu ni matumbawe. Matumbawe yalikuwa viumbe hai baharini, na huchukua miaka mingi mno kukua. Chokaa yetu nayo ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa katika tanuu.

Fungu la tatu ni mali inayorudi, lakini kwa sharti la kutunzwa. Humo mna samaki, mna miti, na mna maji ya kunywa. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka Shela, ambako vilima vya mchanga huinywa mvua na kuihifadhi chini yake. Maji hayo yameelea juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi, au vilima vikijengwa nyumba, chumvi hupanda visimani.

Hapana shaka fungu hili la tatu ndilo linalotudanganya zaidi. Mtu akiona jiwe linapungua, hujua linapungua. Lakini akiona mti mwingine umeota pale alipokata jana, hudhani mali haina mwisho. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na mikoko ndiyo buyu letu.

MITI TISA YA MAJI YA CHUMVI

Wengi husema "mikoko" wakakusudia kila mti unaoota kwenye tope la bahari, lakini wakataji wanajua kuwa Kenya ina aina tisa za miti hiyo, na kila mmoja una jina lake na kazi yake.

Mkoko wenyewe ndio wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, nao ndio unaotoa boriti nyingi. Mkandaa ni mwembamba na mgumu, hutoa fito na pau, na magome yake yalitumiwa kutia rangi na kutengeneza ngozi. Muia una mti ulionyooka. Mlilana huota mbele kabisa, pale yanapovunja mawimbi, na waundaji wa majahazi huutafuta kwa mataruma. Mizizi yake inayochomoza juu ya tope ni myepesi, na wavuvi huifanya maboya ya nyavu. Mchu ndio unaotoa chumvi kwa majani yake, hata mtu akilamba jani huipata.

Katika biashara, miti hii hupangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na ile minene zaidi. Huhesabiwa kwa korija, yaani miti ishirini. Mtoto wa Lamu aliyekulia katika kazi hii huutazama mti ungali umesimama, akakuambia ni boriti au ni mazio bila ya kuupima.

MTI ULIOPIMA VYUMBA VYETU

Wageni wanaokuja Lamu hushangaa kuona vyumba virefu lakini vyembamba. Sababu yake ni boriti. Dari ya nyumba ya kale ni nzito: juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe hushindiliwa chokaa na kokoto. Mti wa kubeba mzigo huo hauwezi kuwa mrefu, basi upana wa chumba ukawa ni mita mbili na nusu hivi, au tatu. Msana na ndani, vyote vimekatwa kwa kipimo cha mti uliotoka kwenye tope la hori.

Wala si Lamu peke yake. Katika Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni haba, boriti za Afrika Mashariki ziliezeka nyumba na misikiti kwa karne nyingi. Majahazi yalishuka na kaskazi yakileta tende, mazulia na samaki wa chumvi, yakarudi na kusi yamesheheni boriti. Huko Ghuba mti huu hujulikana kwa jina la chandal, na vyumba vya nyumba zao za kale navyo ni vyembamba kama vyetu, kwa sababu ile ile.

MTI ULIO HAI UNA KAZI ZAIDI

Lakini mkoko haungoji kukatwa ndipo ufae. Mizizi yake huyavunja mawimbi na kuishika ardhi isiliwe na bahari. Samaki wengi na kamba huingia humo wakiwa wadogo, wakapata chakula na maficho hadi wakomae. Kaa huchimba humo, na chaza hushika mizizini. Kwa hiyo mvuvi anayetia nyavu mbali na mikoko naye anakula mikokoni, hata kama hajapata kukanyaga tope lake.

Tena tope hilo huhifadhi kaboni, ile inayotoka katika moshi na kuzidisha joto la dunia. Kwa kila hekta, mikoko huweka kaboni mara kadhaa kuliko misitu mingi ya nchi kavu.

Kenya ina kiasi cha hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu ziko Lamu. Baina ya mwaka 1985 na 2010 nchi yetu ilipoteza kama asilimia 18 ya misitu hiyo. Hiyo ni hasara ya miaka 25 tu.

NI NANI ALIYEIMALIZA?

Ni rahisi kumwelekezea kidole mkata mikoko, kwa kuwa ndiye anayeonekana na shoka. Naye hana haki ya kuachiwa kabisa. Mkoko mkubwa ukikatwa, kisiki chake hakichipui tena, hufa. Tofauti na mchu, hauwezi kurudi ila kwa mbegu. Basi akatae yote iliyonyooka, asibakishe mama wa kuangusha mbegu, huwa amekata na mti wa mjukuu wake.

Lakini wako wengine wasiobeba shoka. Karibu na Gongoni na Ngomeni, nafasi za mikoko ziligeuzwa mabwawa ya chumvi. Mwaka 1988 mafuta yaliyomwagika katika hori ya Makupa, Mombasa, yaliua mikoko iliyokuwako. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori ya Mwache. Mizizi ikafunikwa, ikakosa pumzi, na miti ikafa imesimama. Udongo ule ulitoka katika mashamba ya bara yaliyolimwa bila kinga. Na katika hori ya Tudor, taka za mji huingia mikokoni, na wasio na uwezo wa kununua gesi hukata kuni humo humo.

Huko Lamu kwenyewe umekuja mradi wa bandari kuu katika Ghuba ya Manda, na gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021. Bahari ilichimbwa na mikoko ikakatwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kuwa haki za wenyeji zilivunjwa, ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

SHERIA NA TUMBO

Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, enzi za Mwingereza, na tangazo hilo likathibitishwa mwaka 1964. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Na mwaka 2018 ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma kote nchini, wakata mikoko wa Lamu nao waliguswa, wakalalamika kuwa wamefungiwa riziki kwa makosa yaliyofanyika katika misitu ya milimani.

Malalamiko yao yafaa kusikilizwa. Mtu ambaye baba yake na babu yake walikula kwa mikoko, ukimwambia aache bila ya kumwonyesha pa kushika, hataacha, atakata usiku. Na anayekata usiku hachagui mti, wala habakishi wa mbegu. Marufuku isiyo na njia nyingine huweza kuuumiza msitu kuliko ukataji wenye utaratibu.

Kisha liko jambo ambalo halikumbukwi. Tukiifunga mikoko moja kwa moja, nyumba za kale zitatengenezwa na nini? Boriti ikioza ncha iliyomo ukutani kwa sababu ya uvujaji, lazima itolewe na kutiwa nyingine. Isipopatikana, mwenye nyumba hutia chuma na saruji, na baada ya miaka michache Lamu itabaki jina. Kuuhifadhi mji na kuuhifadhi msitu ni kazi moja.

MFANO WA GAZI

Njia iko, wala haiko mbali. Huko Gazi, wilaya ya Kwale ya zamani, mikoko ilikatwa ovyo katika miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda, na pengine pakabaki tope tupu. Mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya serikali ya bahari na uvuvi, pamoja na wanakijiji, walianza kupanda. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikawa kama mkuki mdogo. Waiokota, waichomeka topeni.

Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni walianza mpango wa Mikoko Pamoja. Wanatunza hekta 117, na walio ng'ambo wanaotaka kufidia moshi wao huwalipa kwa kaboni inayohifadhiwa humo. Fedha hizo zimetia maji ya bomba na kusaidia shule. Mwaka 2019 Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata kwa msitu mkubwa zaidi.

Jambo la kuigwa zaidi ni kuwa walipanda na mivinje nchi kavu, ili mtu apate mti wa kujengea bila ya kuingia mikokoni. Mvinje hukua upesi. Majukwaa ya mafundi, nyua, na mabanda ya mifugo hayana haja ya mkoko. Mkoko na uwekewe nyumba za kale, misikiti ya kale na majahazi, kazi ambazo mti mwingine hauziwezi vizuri.

Sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyoshika nafasi yake, imewaruhusu wananchi kuunda vyama vya kusimamia misitu pamoja na serikali. Yafaa wakataji wenyewe wawe mbele katika vyama hivyo, kwani wao ndio wanaojua hori ipi imechoka na ipi yaweza kukatwa mwaka huu. Na anayetoa kibali asihesabu korija tu. Ahesabu na mbegu zilizopandwa.

Dini yetu imetufunza kuwa apandaye mti huandikiwa sadaka kwa kila kiumbe kinachonufaika nao, na kuwa israfu ni makosa hata katika maji ya kutawadhia. Mkoko hulisha samaki, ndege, kaa na binadamu. Sadaka pana kama hiyo ni nadra kuipata.

Wazee walikata wakatuachia. Dari zao zingali juu ya vichwa vyetu. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta wa Lamu hata ukijengwa upya, bila ya boriti hautakuwa na dari.