Jani Linaugua kwa Kiasi Gani? Uliza Foto

Wandugu, ukiandika kwenye TFC yako kwamba majani ya maharagi "yameshambuliwa sana" na madoa ya kuvu, mtu wa juri atakuuliza: sana ni ngapi? Wengi wetu tunapima kwa macho tu. Lakini njia iko, na haiombi mashini ya bei: telefone, karatasi nyeupe na GIMP, programu ya bure iliyoanzishwa 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Marekani. Ikisha kuingia kwenye kompyuta, inatumika hata bila koneksio.

Weka jani juu ya karatasi, kwenye kivuli, piga foto bila flashi. Usiitume kwa WhatsApp kama foto ya kawaida, itabanwa. Itume kama dokumenti.

Kuchagua kwenye GIMP ni kuambia programu: hapa njo tunafanya kazi, pengine usiguse. Kifaa cha mraba tuache, jani halina kona nne. Kamba ya mkono huru inafuata ukingo wowote, ila kwa majani mia moja utachoka. Chukua fimbo ya kichawi: bofya karatasi, inakamata nyeupe yote iliyoshikana. Kama wadudu walitoboa jani, shika Shift na ubofye kila tundu. Kisha Ctrl+I inageuza uchaguzi, unabaki na jani. Fungua istogramu kwenye menyu ya rangi, soma hesabu ya pikseli. Tuseme 400 000.

Madoa hayashikani, kwa hiyo fimbo haitoshi. Tumia kifaa cha kuchagua kwa rangi: ukibofya doa moja, mengine ya rangi ile yanafuata. Shift inaongeza, Ctrl inapunguza (udongo uliobaki kwenye jani unafanana sana na doa, uuondoe kwa kamba). Istogramu ikisema 48 000, ni 12%.

Hatari iko kwenye kizingiti, ile namba ya 0 mpaka 255 inayosema rangi zifanane namna gani. Ukikipandisha, ugonjwa "unaongezeka" na kuvu haijafanya kitu. Jaribu kwenye foto tatu ao ine, chagua namba moja, itumie kwa majani yote, ya parseli iliyopata dawa na isiyopata, na uiandike kwenye sura ya mbinu. Zima pia ulainishaji wa kingo, unavuruga hesabu. Na jani lenye limekauka lote ju ya uzee, usilihesabu: rangi yake na ya doa ni moja.