Sijida ya Baba Imekwenda Wapi?

Mama alipofunuliwa ile picha aliitazama kitambo, kisha akauliza: "Huyu ni nani?"

Nilishikwa na haya. Ilikuwa picha ya marehemu baba, Mungu amrehemu, aliyopigwa studio mwaka 1978, amevaa kanzu, koti na kofia ya vito. Unyevu ulikuwa umeanza kuitia madoa, nami nikaipeleka kwa kijana mmoja hapa Mombasa mwenye kompyuta. Akanishauri tuigeuze ifanane na iliyochorwa kwa rangi ya mafuta. Haukupita muda ikatoka juu ya turubai, mipigo ya brashi waiona kabisa, ikatiwa fremu ya dhahabu. Nilifurahi mno hata sikutambua kuwa ile sijida ya kipajini, aliyoipata kwa miaka mingi ya kusali, haipo.

Nilirudi kwa yule kijana, naye akanieleza vizuri. Picha ndani ya kompyuta ni vitone vingi vya rangi. Programu hii hushika kitone kimoja, ikatazama vilivyo jirani nacho, ikahesabu ni rangi gani iliyo nyingi zaidi, kisha ikakivika hiyo. Ndiyo maana rangi hujikusanya mabaka mabaka, mfano wa brashi nene. Sasa sijida ni vitone vichache vyeusi vilivyozungukwa na ngozi. Vikashindwa kwa wingi wa kura! Mashine iliifuta pamoja na madoa ya unyevu, maana kwake vyote ni sawa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1990 Paul Haeberli wa Marekani alionyesha brashi ya kompyuta iliyochota rangi kutoka picha ya kamera, lakini mkono wa mtu ndio ulioiongoza. Mwaka 2015 Gatys, Ecker na Bethge, wataalamu wa Tübingen, Ujerumani, waliivisha picha ya nyumba za kando ya mto mtindo wa Vincent van Gogh. Mwaka uliofuata programu ya Prisma ikawaletea watu kazi hiyo katika simu zao.

Nakumbuka mafundi wa studio wa utotoni mwangu, waliotia rangi picha nyeusi na nyeupe kwa kibrashi chembamba. Fundi alikuwa akikuuliza kwanza: koti la mzee lilikuwa la rangi gani?

Ami yangu naye alikuwa na lake. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, aliijuzisha picha ya kamera kwa hoja kwamba ni kivuli kilichozuiliwa tu, si kuumba.

"Na hii," akauliza ami, "ni kivuli au ni mchoro?"

Nilimjibu kuwa hakuna mkono uliochora. Akacheka.

"Basi ni nani aliyemfuta ndugu yangu sijida?"

Sikuwa na jawabu. Kijana alijaribu kupunguza ukubwa wa brashi. Sijida ikarudi, lakini mchoro ukatoweka, ikabaki picha ya kamera. Tukaketi naye adhuhuri nzima tukiondoa madoa moja moja, mimi nikimwonyesha lipi la unyevu na lipi la baba.

Mama aliipokea, akapitisha kidole kipajini. "Ehe. Ndiye."

Fremu ya dhahabu tumeitumia hiyo hiyo.