Povu juu ya paa: Dawa ya joto la jangwani, je, yaifaa Buzebazeba?

JUA la saa saba mchana linapokaa utosini, si ajabu kuwakuta wakazi wa Buzebazeba, mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma Ujiji, wamehamia barazani au chini ya mwembe. Ndani ya nyumba iliyoezekwa kwa bati lisilo na dari, saa hizo hakukaliki.

Wanaoumia zaidi ni wale wasioweza kutoka. Ni mgonjwa aliyelala kitandani, mama mwenye mtoto mchanga, fundi cherehani ambaye kazi yake iko chumbani, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba hewa ya Kigoma yenyewe si kali. Kwa siku nyingi za mwaka joto la mchana huwa karibu na nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, na upepo wa Ziwa Tanganyika husaidia. Mkosaji mkuu, basi, si hali ya hewa bali ni paa.

Huko Marekani, katika jimbo la Arizona lenye jangwa, wenye nyumba za zamani zenye paa bapa wamekuwa wakikabiliana na tatizo la namna hiyo kwa kunyunyizia povu zito juu ya paa lote. Swali ni iwapo dawa hiyo inaweza kuvuka bahari na kufika Buzebazeba.

Povu lenyewe ni lipi?

Povu hilo ni la jamii ya poliyurethani, ambayo kemia yake iligunduliwa nchini Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Wasomaji wengi wanalo nyumbani bila kujua: ndilo lililomo ndani ya magodoro ya sponji, na lile gumu zaidi ndilo lililojazwa katika kuta za jokofu ili baridi isitoke.

Mafundi wa paa hufika na vimiminika viwili katika mapipa tofauti. Vimiminika hivyo hupashwa moto, husukumwa kwa mipira miwili na kukutana kwenye mdomo wa bomba la kunyunyizia. Ndani ya sekunde chache mchanganyiko huumuka kama unga wa maandazi, ukafikia mara 20 hadi 30 ya ujazo wake wa awali, kisha hukauka na kuwa mgumu kiasi cha kukanyagwa na mtu.

Nguvu ya povu hilo imo katika vijishimo vidogo mno visivyohesabika, ambavyo kila kimoja kimefungia gesi ndani yake. Joto hupita kwa shida sana katika gesi iliyotulia. Tabaka la povu lenye unene wa sentimita nne huzuia joto kwa kiwango ambacho zege la kawaida lingekifikia kwa unene wa mita mbili hivi.

Aidha, povu halina maungio. Huziba nyufa, huzunguka mabomba yanayotokeza juu ya paa, na fundi hodari huweza kulijenga kwa mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita ili maji yasituame. Kwa paa bapa la zamani, ambalo adui zake wawili ni joto na uvujaji, hiyo ni faida maradufu.

Hata hivyo, povu lisipofunikwa huliwa na jua lile lile linalopaswa kulizuia. Miale hulibadili rangi kuwa njano, kisha hulifanya unga. Kwa sababu hiyo hupakwa juu yake rangi nzito ya akriliki au silikoni, aghalabu nyeupe, ambayo hurudiwa baada ya miaka 10 hadi 15.

Paa bapa si jambo geni

Msomaji asidhani kwamba paa bapa ni la Wamarekani peke yao. Tembe za Wagogo mkoani Dodoma na za Unyamwezi zilikuwa na paa bapa la udongo uliotandazwa juu ya miti. Tembe ya Kwihara, karibu na mji wa Tabora, ambamo Dk. David Livingstone aliishi mwaka 1872, imehifadhiwa kama makumbusho.

Ujiji nayo ilizijua nyumba za aina hiyo. Ilikuwa kituo cha mwisho cha njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora, na Henry Morton Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871 walizungumza katika baraza pana la tembe.

Udongo mzito wa tembe haukuzuia joto kama povu linavyozuia. Kazi yake ilikuwa kulichelewesha. Jua la mchana lilichukua saa nyingi kupenya, na lilipofika ndani tayari usiku ulikuwa umeingia na hewa ya nje imepoa.

Pwani, nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ziliezekwa paa bapa la mawe ya matumbawe na chokaa, likabebwa na boriti za mikoko. Huko Zanzibar mvua zilizishinda nyingi, na wenye nyumba wakaongeza bati lenye mteremko juu ya paa la awali.

Hapo pana somo kwa Kigoma. Paa bapa la udongo hustahimili mahali pakavu, lakini Kigoma hupata mvua inayokaribia milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Aprili. Phoenix, mji mkuu wa Arizona, hupata milimita 200 hivi. Bati lilipokuja, hasa baada ya reli ya kati kufika Kigoma mwaka 1914, lilipendwa kwa sababu halivuji kirahisi, haliozi kama nyasi, na hukusanya maji safi ya mvua.

Tatizo ni kwamba bati ni jembamba. Halizuii joto wala halilicheleweshi.

Jua la utosini

Kigoma iko karibu nyuzi tano kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya mji, na katika miezi mingine halitoki mbali na utosi. Matokeo yake, sehemu kubwa ya miale hupokewa na paa, si kuta.

Kukiwa hakuna mawingu, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea wati zipatazo 1,000 wakati wa adhuhuri. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa nane hupokea kilowati 80, sawa na pasi 80 za umeme zenye wati 1,000 kila moja zikiwa zimewashwa kwa pamoja.

Bati jipya hurudisha angani sehemu ya miale hiyo, lakini lililoshika kutu hunywa sehemu kubwa. Bati kama hilo huweza kupita nyuzi 60 za joto, na kutoka hapo hutupa joto chini, moja kwa moja juu ya vichwa vya watu, kama mkaa unavyochoma uso bila kuugusa.

Hesabu ya jangwani

Mjini Phoenix, kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, 2023, joto lilifikia au kupita nyuzi 43 kwa siku 31 mfululizo. Katika hali hiyo kiyoyozi si anasa, na kila nyumba hulipa gharama kubwa ya umeme. Povu likipunguza kazi ya kiyoyozi, mwenye nyumba hurudishiwa fedha zake kidogo kidogo kupitia bili.

Hali ni hiyo hiyo katika nchi za Ghuba, ikiwamo Oman yenye wazungumzaji wengi wa Kiswahili, ambako nyumba nyingi ni za paa bapa la zege na viyoyozi hufanya kazi usiku na mchana wakati wa kiangazi.

Buzebazeba hesabu ni nyingine. Nyumba isiyo na kiyoyozi haina bili ya kupunguza. Anayeweka povu hapo hununua utulivu wa mchana, na ukimya wakati mvua inapopiga bati, lakini fedha zake hazirudi.

Nazo fedha si haba. Kwa paa la mita 80 za mraba, povu la sentimita nne ni mita za ujazo 3.2. Kwa kuwa povu la paa huwa na uzito wa kilo 45 hivi kwa kila mita ya ujazo, kazi hiyo huhitaji kemikali zipatazo kilo 144, mbali na rangi ya juu, mashine na mafundi waliofunzwa. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli.

Hatari zisizoonekana

Kimoja cha vimiminika hivyo viwili kina isosianeti, kemikali inayotajwa miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini. Fundi anapaswa kuvaa barakoa yenye hewa safi ya kupuliziwa, glavu na vazi la mwili mzima, na wenye nyumba wanapaswa kuondoka hadi povu likauke na hewa kusafika. Kitambaa kilichofungwa puani si kinga.

Povu pia huwaka. Likinyunyiziwa upande wa ndani wa bati na kuachwa wazi, moto ukitokea hutoa moshi wenye sumu kwa kasi kubwa, hivyo sharti lifunikwe kwa ubao wa jipsamu au plasta. Kwa nyumba ambayo jiko la mkaa au kuni liko chini ya paa hilo hilo, tahadhari hiyo si ya kupuuzwa.

Tatu, povu huhitaji paa safi na kavu. Likiwekwa juu ya bati lenye kutu au unyevu hubanduka, na kutu huendelea kula chini yake bila kuonekana. Anayevuna maji ya mvua kwa ajili ya kunywa naye anapaswa kuhakikisha kuwa rangi ya juu imeruhusiwa kwa matumizi hayo.

Hayo hayamaanishi kwamba povu halina mahali pake Kigoma. Jengo lenye paa la zege linalovuja, ofisi au wodi yenye viyoyozi, au ghala la baridi la samaki vinaweza kunufaika nalo, mradi kazi ifanywe na wenye ujuzi wakati wa kiangazi.

Kanuni ni ile ile, vifaa ni tofauti

Kwa nyumba ya kawaida ya bati, kinachofaa kuazimwa kutoka jangwani ni kanuni, si lazima povu lenyewe. Kanuni hiyo ina hatua tatu: kurudisha miale, kuzuia joto linalobaki, na kulifukuza lile lililopenya.

Kurudisha ni kazi ya rangi nyeupe. Rangi maalumu ya paa ikiwa mpya hurudisha takriban asilimia 80 ya miale ya jua. Kutu husuguliwa kwanza na rangi ya msingi kupakwa, na baadaye paa huoshwa, kwani vumbi na ukungu hupunguza weupe. Maji ya mvua za kwanza baada ya kupaka yasikusanywe.

Kuzuia ni kazi ya dari. Iwe ya mbao au jipsamu, dari huikata ile miale inayotoka kwenye bati, na nafasi kati yake na bati huwa kinga. Karatasi inayong'aa ikifungwa chini ya bati wakati wa kuezeka husaidia zaidi.

Kufukuza ni kazi ya hewa. Matundu pande mbili za kenchi, chini ya kofia ya paa, huiacha hewa ya moto itoke, nayo ya ziwani ikaingia.

Hapo ndipo linapokuja suala zito kuliko joto lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani Kigoma walikuwa na vimelea vya ugonjwa huo, kiwango cha juu kuliko mikoa yote.

Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia uwazi kati ya ukuta na paa. Wenye nyumba wengi huuziba uwazi huo kwa tofali, na mbu hupungua, lakini njia ya hewa nayo hufungwa. Chumba kikiwa tanuri, mtu hukitupa chandarua kando au hulala nje, na mbu humfuata huko huko.

Suluhisho ni wavu. Uwazi ukifungwa kwa wavu wa mbu badala ya tofali, nayo matundu ya kenchi na madirisha yakawekewa wavu huo huo, joto hutoka na mbu hubaki nje. Ni kazi ya seremala wa mtaani, haihitaji kemikali wala mtambo.

Mwenye kipato kidogo anaweza kwenda hatua kwa hatua: wavu kwanza, kisha dari ya chumba cha watoto, kisha rangi nyeupe, na mti wa kivuli upande wa magharibi kwa ajili ya jua la jioni.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kwa mkazi wa Buzebazeba anayejenga au kukarabati, ubora wa nyumba uanze kupimwa juu, pale jua linapoanzia kazi yake.