Andorra haidai viza, lakini njia yake inapita kwa jirani

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa na familia zinazojiandaa kuwatembelea jamaa zao walioko Ulaya, lipo moja linalostahiki jibu la makini: je, ni kweli kwamba ipo nchi ya Ulaya ambayo Mtanzania, Mkenya au Mganda anaruhusiwa kuingia bila viza? Nchi inayotajwa ni Andorra. Jibu la swali hilo lina sehemu mbili, na anayeishia sehemu ya kwanza anaweza kupoteza nauli, ada na utulivu wa familia yake kwa safari moja.

Sehemu ya kwanza ni kwamba habari hiyo ni sahihi. Andorra haimdai mtalii viza. Mgeni mwenye pasi halali ya kusafiria anaruhusiwa kukaa huko hadi siku 90. Anayetaka kukaa zaidi ya hapo, au kufanya kazi, hana budi kuomba kibali.

Sehemu ya pili ni kwamba Andorra haina uwanja wa ndege, haina reli, wala haina bahari. Hakuna njia ya kuifikia isipokuwa kupitia Ufaransa au Hispania, na nchi zote hizo mbili humtaka mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda awe na viza. Mwenye nyumba hakufungii mlango, lakini njia ya kwenda kwake inapita ndani ya ua wa jirani, na jirani ana bawabu.

Nchi baina ya mataifa mawili

Andorra iko katika milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Eneo lake ni kilometa za mraba 468, yaani yapata nusu ya kisiwa cha Pemba. Mji wake mkuu, Andorra la Vella, uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mji mkuu mwingine wa Ulaya ulio juu kuliko huo. Lugha rasmi ni Kikatalani, na fedha inayotumika ni euro.

Utawala wake nao ni wa namna ya pekee. Tangu mkataba wa mwaka 1278 nchi hiyo imekuwa chini ya wakuu wawili kwa pamoja. Leo wakuu hao ni Askofu wa Urgell, iliyoko Hispania, na Rais wa Ufaransa. Katiba ya mwaka 1993 iliwaachia nafasi hiyo kwa heshima, na kuyakabidhi mamlaka ya kila siku kwa bunge na serikali iliyochaguliwa. Mwaka huohuo Andorra ilijiunga na Umoja wa Mataifa.

Hata hivyo, Andorra si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, wala haimo katika eneo la Schengen, lenye nchi 29 zilizoondoa ukaguzi wa mipakani baina yao. Hapa ndipo inapotofautiana na nchi nyingine ndogo za Ulaya. Liechtenstein ni mwanachama wa Schengen tangu mwaka 2011. Monaco, San Marino na Vatican si wanachama, lakini mtu huvuka kutoka Ufaransa au Italia kuingia humo bila kituo cha ukaguzi wa pasi. Andorra imebaki na mpaka wenye maofisa pande zote mbili. Kwa hiyo anayeingia Andorra anahesabiwa kuwa ametoka Schengen.

Mtego wa kuingia mara moja

Tuchukue mfano wa wazazi waliopata viza ya Hispania kwenda kumtembelea mtoto wao Barcelona. Viza yao ni ya kuingia mara moja. Wanafika salama, na baada ya siku chache wanashauriwa kupanda basi kwenda Andorra, mwendo wa saa tatu hivi, wakaione milima yenye theluji na kurudi jioni. Wameambiwa kwamba Andorra haidai viza, na ni kweli. Wanavuka mpaka bila taabu.

Taabu iko katika kurudi. Walipotua Barcelona walikuwa wameitumia ile ruhusa ya kuingia mara moja. Walipovuka kwenda Andorra walitoka, na kurudi Hispania ni kuingia mara ya pili, jambo ambalo viza yao haikuruhusu. Tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani inaanzia Barcelona, nao wako katika nchi isiyo na uwanja wa ndege, wamezungukwa na mataifa mawili ambayo hawana tena haki ya kuingia. Zimebaki siku kumi katika viza, lakini idadi ya siku haimsaidii aliyemaliza idadi ya kuingia.

Wapo watakaosema kwamba wamewahi kupita pale bila kusimamishwa. Hilo linawezekana, kwa kuwa zipo siku ambazo magari hupita mfululizo bila pasi kutazamwa. Lakini kutokaguliwa si sawa na kuruhusiwa. Ofisa akisimamisha basi siku hiyo, hataulizia bahati ya waliopita jana, bali atasoma kilichoandikwa katika pasi iliyo mkononi mwake. Aidha, tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaosajili kuingia na kutoka kwa wageni wasio raia wao, pamoja na picha ya uso na alama za vidole. Kumbukumbu zimekuwa ndefu kuliko zamani za muhuri wa wino.

Kwa hiyo kila aliyepewa viza aisome kabla ya kuondoka katika dirisha la kuipokelea. Katika stika ya viza ipo sehemu inayoonesha idadi ya kuingia. Ikiandikwa 01, ni mara moja. Ikiandikwa 02, ni mara mbili. Ikiandikwa MULT, ni mara nyingi. Kwa safari moja ya Andorra, mara mbili zinatosha: ya kwanza ni kutua Hispania au Ufaransa, na ya pili ni kutoka Andorra kurudi katika mojawapo ya nchi hizo. Mwenye 01 na abaki upande wa Schengen mpaka siku ya kurudi nyumbani.

Maombi yanapelekwa wapi

Hakuna haja ya kutafuta ubalozi wa Andorra Dar es Salaam au Nairobi, kwani haupo. Anayekusudia kufika huko huomba viza ya Schengen kwa Ufaransa au Hispania, kwa kuangalia ni nchi gani kati ya hizo atakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, huomba kwa ile atakayoingia kwanza.

Fomu inauliza muombaji anataka kuingia mara ngapi. Asiliache swali hilo kwa mkono wa mwingine. Aombe mara mbili au mara nyingi, kisha aambatanishe barua fupi inayoeleza kwamba safari yake inajumuisha Andorra, pamoja na uthibitisho wa malazi ya huko na ratiba ya basi au gari. Ofisa haotei nia ya mtu. Asipooneshwa sababu ya kuingia mara ya pili, atatoa mara moja.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45 shauri likihitaji uchunguzi zaidi. Kwa hiyo familia inayosubiri likizo ya shule ianze ndipo ianze kutafuta makaratasi, imekwisha kuchelewa.

Ada, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Mtoto aliye chini ya miaka 6 halipiwi. Ada hiyo hairudishwi viza ikikataliwa. Pasi ya kusafiria iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai kwa miezi mitatu au zaidi baada ya tarehe ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Bima hiyo hudaiwa kwa ajili ya nchi za Schengen, basi msafiri ahakikishe kwamba mkataba wake unaitaja Andorra pia, maana mtu huweza kuteleza kwenye theluji upande wowote wa mpaka.

Makaratasi ya familia

Familia husafiri pamoja, lakini mbele ya sheria kila mmoja husimama na pasi yake. Baba mwenye pasi ya Uingereza anaweza kuwa hahitaji viza, ilhali mke wake mwenye pasi ya Tanzania anaihitaji, hata kama ana kibali cha kuishi London. Mwenye kibali hai cha ukaazi cha Ufaransa au Hispania anaweza kwenda Andorra na kurudi kwa kibali hicho pamoja na pasi yake, lakini mama yake aliyekuja kumtembelea hafunikwi na kibali cha mwanawe.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja huhitaji idhini ya maandishi ya mzazi wa pili, au hati inayoonesha nani ana mamlaka ya malezi. Cheti cha ndoa kiwe kilichosajiliwa serikalini. Majina nayo yaangaliwe mapema. Katika familia zetu ni jambo la kawaida mtu mmoja kuandikwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Muhammad katika pasi na Mohammed katika hati ya benki. Sisi tunajua kuwa ni jina moja, lakini ofisa wa ubalozi anaona watu watatu.

Ukweli ndio hifadhi

Sisi makatibu wa misikiti huombwa barua za utambulisho kwa ajili ya ubalozi, na hizo ni halali kutolewa kwa tunayemfahamu. Kisichofaa ni kuandikiwa cheo usichokuwa nacho, kujaza akaunti fedha za kuazima kwa wiki moja, au kuonesha malazi yatakayofutwa siku ya pili. Hati za kughushi ni sababu ya kukataliwa, na alama za vidole pamoja na habari za ombi huhifadhiwa kwa miaka mitano katika mfumo unaosomwa na nchi zote za Schengen. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa haimkatikii yeye peke yake. Jamaa aliyetoa mwaliko naye huanza kutiliwa shaka, na kesho akimwalika mama yake mgonjwa anayetaka kuwaona wajukuu, barua yake haitakuwa na uzito.

Anayekataliwa hupewa sababu kwa maandishi, na ana haki ya kukata rufaa. Aisome sababu hiyo kwa utulivu, arekebishe kilichopungua, kisha aombe tena, badala ya kukimbilia kwa wakala anayeahidi njia ya mkato.

Wakati wa kurudi

Wengi huenda Andorra kununua bidhaa, kwa kuwa kodi ya mauzo huko ni asilimia 4.5 tu. Lakini forodha ya Ufaransa na Hispania hupekua mizigo, na vipo viwango vya bidhaa anavyoruhusiwa msafiri kupita navyo bila ushuru. Mwenye fedha taslimu zinazofika euro 10,000 anapaswa kuzitangaza anapoingia Umoja wa Ulaya. Risiti zitunzwe, na kila mtu abebe pasi yake mwenyewe hata kwa safari ya siku moja.

Sheria za mipaka hubadilika, basi kabla ya kulipa nauli familia iulize ubalozini mambo mawili: kama taratibu bado ni hizi, na kama viza waliyopewa inawaruhusu kurudi baada ya kutoka. Swali la kwanza wengi hulikumbuka. Lile la pili ndilo linalowarudisha nyumbani kwa amani.