Injini Iliyojitunza Yenyewe

Tarehe 27 Mei 2020, kampuni ya BRP ya Kanada ilitangaza kwamba haitaunda tena injini za boti za Evinrude. Kiwanda kilikuwa Sturtevant, jimbo la Wisconsin, Marekani, na sababu iliyotolewa ilikuwa UVIKO-19. Janga lilikuwa kubwa, hilo halina ubishi. Lakini lilimkuta mgonjwa yuko kitandani tayari, na ugonjwa wake ndio unaostahili kuchunguzwa, kwa sababu unagusa kila mtu anayemiliki boti ya mapumziko na kuitegemea imrudishe nchi kavu.

Ole Evinrude alizaliwa Norwe mwaka 1877 na kupelekwa Wisconsin akiwa mtoto. Injini ya kupachika aliyoanza kuuza mwaka 1909 ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu, uzito wa kilo 28 hivi, na ilibanwa nyuma ya mtumbwi kwa skrubu za mkono. Mkewe Bess alishika biashara na matangazo. Mwaka 1936 jina hilo liliungana na mshindani wake, Johnson, katika kampuni iliyokuja kujulikana kama OMC, na kwa miongo kadhaa maziwa ya Marekani yalikuwa na sauti ya injini zake.

Injini ya Evinrude ilikuwa ya mipigo miwili. Haina vali za kichwani, haina tangi la oili chini. Oili huchanganywa na petroli yenyewe. Kwa hiyo mwenye boti aliweza kuitunza kwa mikono yake, na alilazimika kufanya hivyo. Alibadilisha plagi. Alivua sehemu ya chini ya mguu na kutazama mpira wa pampu ya maji, ule wenye mabawa, ambao ukikauka au kukatika injini huchemka ndani ya dakika chache. Alifungua skrubu ya gia na kumwaga oili: ikitoka safi, vema, ikitoka kama chai ya maziwa, sili imeachia na maji yameingia. Alitazama zinki, kile kipande cha madini kinachofungwa mguuni ili chumvi ikile chenyewe na kuiacha aluminiamu. Aliyetoka kwenye maji ya bahari alipitisha maji baridi ndani ya injini kabla ya kuilaza.

Kisha ikaja Oktoba. Wisconsin maji huganda, na maji yaliyobaki ndani ya gia yakigeuka barafu hupanuka na kupasua kasha lake. Kabla ya baridi mwenye boti alimwaga oili ya gia na kutia mpya, akawasha injini kwa mara ya mwisho, akaipulizia oili mdomoni mwa kabureta mpaka ikatoa moshi mzito na kuzima. Oili hiyo ilibaki kwenye kuta za silinda kuzilinda na kutu hadi majira ya kuchipua. Injini ya starehe hukaa bila kufanya kazi muda mrefu kuliko ile ya mvuvi, na ni huko kukaa kunakoiharibu: petroli inachacha, kabureta inaziba, kutu inajenga nyumba. Ile saa moja ya Oktoba iliokoa injini, na pia ilimfundisha mwenyewe. Aliyeigusa kila mwaka aliijua, na alijua mapema ilipoanza kuugua.

Injini hiyo ilikuwa na dhambi yake. Robo ya petroli, wakati mwingine zaidi, ilitoka bila kuungua na kuingia majini. Mwaka 1996 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitoa kanuni ya kupunguza uchafu wa hidrokaboni kutoka injini mpya kwa asilimia 75 ifikapo 2006. Kanuni hiyo ilikuwa ya haki. Honda na Yamaha walitegemea zaidi injini za mipigo minne. OMC ilibaki na mipigo miwili na kuchukua mfumo wa Kijerumani wa Ficht, unaonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini za mwanzo zilichafua plagi na nyingine kuharibika kabisa, madai ya dhamana yakaongezeka, na Desemba 2000 OMC iliomba kinga ya mufilisi. Maelfu ya watu walipoteza kazi. Bombardier ilinunua upande wa injini mwaka uliofuata, na baadaye kitengo chake cha vyombo vya starehe kikawa kampuni ya BRP.

Mwaka 2003 ikaja E-TEC, na nasema wazi kwamba ilikuwa injini nzuri: nyepesi, safi, yenye nguvu. Tangazo lake ndilo linalonisumbua. Liliahidi miaka mitatu au saa 300 za matumizi ya kawaida bila kuipeleka kwa wakala kufanyiwa huduma. Hata ile kazi ya Oktoba ya kupaka silinda oili, kompyuta ya injini iliweza kuifanya: mwenye boti alifuata hatua chache, na injini ikajipaka oili yenyewe.

Ahadi ilihusu karakana ya wakala. Wengi, naamini, waliisikia kana kwamba inawahusu wao, kwamba sasa hawana la kufanya. Chumvi haisomi matangazo. Zinki iliendelea kuliwa, mpira wa pampu uliendelea kuzeeka, na oili ya gia iliweza kugeuka chai ya maziwa miezi minne tu baada ya injini kununuliwa ikiwa uzi wa kuvulia samaki ulijisokota kwenye shafti ya rafadha na kukata sili. Karakana nazo huishi kwa kazi ndogondogo za oili na plagi. Ukimwambia mteja asirudi kwa miaka mitatu, umemwondolea fundi riziki na pia nafasi ya kuona kasoro ikiwa bado changa.

Ushindani wa mipigo minne ndio uliobana mauzo, na jeraha la Ficht halikusahaulika. Sitaki kumtupia mwenye boti lawama ya kufungwa kwa kiwanda. Lakini chapa ya Evinrude ilipokufa, ndipo kilipoonekana kilichokuwa kimepungua. Kampuni iliahidi kuendelea kutoa vipuri na kuheshimu dhamana. Sawa, ila vipuri vinahitaji mikono.

Pwani yetu bado zinaonekana injini za kabureta, Yamaha Enduro miongoni mwao, na fundi anayezifungua kwa spana na bisibisi kivulini akiwa na mteja wake kando. Zinatoa moshi, na siku zao zinahesabika. Boti za starehe zinazokuja na kompyuta zinamhitaji fundi huyohuyo, na chombo anachokosa ni kebo na programu.

Chukua nozeli ya E-TEC. Kila nozeli hutoka kiwandani na vipimo vyake, tofauti kidogo na vya mwenzake, na vipimo hivyo hupakiwa kwenye kompyuta ya injini ili ijue kiasi cha petroli cha kunyunyiza. Mwenye boti anaweza kununua nozeli mpya kabisa na kuifunga vizuri kwa mikono yake. Bila faili la vipimo vyake, kompyuta itaendelea kuiendesha kwa vipimo vya nozeli iliyotolewa.